Watausoma uvimbe wangu nikiwa nimelala: nisaini au nisisaini?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 29, naishi Muheza. Nimeolewa mwaka wa nne huu. Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na wiki tisa, na tangu hapo sijashika nyingine. Miezi ya karibuni tumbo lilianza kujaa upande wa kushoto, mpaka watoto wangu wa darasa la pili wakawa wananiuliza, "Mwalimu, una mtoto?" Nacheka nao, nikifika nyumbani nalia.

Nilipopiga ultrasaundi nikaambiwa nina uvimbe kwenye ovari ya kushoto, sentimita 11, una vyumba vyumba vyenye maji na sehemu moja ngumu. Kipimo cha damu cha CA-125 kikaja 68, na karatasi inasema kawaida ni chini ya 35. Nikapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, na nimepangiwa upasuaji wiki mbili zijazo.

Daktari mpasuaji alinieleza kwa upole, ila kuna jambo moja lilinisimamisha akili. Alisema bado hawajui kama ni uvimbe wa kawaida au ni kansa. Wakishautoa utapelekwa maabara palepale, mimi nikiwa bado nimelala. Huko watakwangua seli, wazipake kwenye kioo, na baada ya dakika kama 20 jibu litarudi tiyeta. Kwa jibu hilo ndipo wataamua wanitoe nini. Fomu ya ridhaa niliyopewa imeandikwa "kutoa uvimbe wa ovari, na hatua nyingine zitakazoonekana zinafaa". Hayo maneno ya mwisho yameninyima usingizi.

Jirani yetu alikatwa kinyama kwenye titi, majibu yakachukua wiki sita. Iweje yangu yatoke kwa dakika 20? Wifi yangu anasema hicho ni kipimo kipya cha majaribio, wanajifunzia kwa watu wa mikoani, na nitaamka sina kizazi. Anataka niombe wachome sindano kwanza, wavute yale maji wayapime, ndipo nipasuliwe. Mume wangu yuko Muscat kikazi. Ametuma ujumbe wa sauti kwamba nisisaini chochote mpaka arudi, na yeye anarudi Desemba, miezi mitano kutoka sasa. Mama mkwe hasemi neno. Kila jioni ananiletea uji, anakaa pembeni yangu kimya, na ukimya wake naogopa kuliko maneno ya wifi.

Nisaini? Na naweza kuwaambia wasiguse kizazi changu hata wakikuta nini?

Mwalimu, Muheza

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nikwambie mapema ninachokiona: upasuaji usiusogeze hadi Desemba, na fomu hiyo usiisaini ilivyo. Irudishe kwa daktari wako, mkae mwandike upya pamoja. Nitafika huko. Kwanza tuongee kuhusu kioo, maana ndicho kilichokutia hofu, na mimi kwa miaka yangu yote tiyeta nimekiona kikiokoa vizazi vya wasichana kuliko kuviondoa.

Kinyama cha jirani yako kilipita safari ndefu. Kililowekwa kwenye fomalini ili kisioze, kikapitishwa kwenye alkoholi kikauke maji, kikazamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa mpaka kikawa kigumu kama kipande cha mshumaa, kikakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, vikapakwa rangi, ndipo daktari wa patholojia akaviweka chini ya hadubini. Kazi yenyewe ni ya siku chache. Hizo wiki nyingine ni foleni, kwa sababu wataalamu hao kwetu ni wachache na vinyama vinatoka wilaya zote. Majibu ya nta ndiyo ya mwisho na ndiyo yanayoaminika kuliko yote, na wewe pia utayapata. Kioo hakichukui nafasi yake. Kazi ya kioo ni kujibu swali moja tu ambalo haliwezi kusubiri nta, nalo ni hili: tumbo liko wazi, tuishie hapa au tuendelee?

Ngoja nikupeleke mezani uone. Uvimbe unafika ukiwa mzima kwenye beseni, bado una joto la mwili. Mtaalamu hakimbilii hadubini. Anaugeuza kwanza, anautazama nje kama ngozi yake ni laini au imepasuka, halafu anaukata. Mara nyingine macho peke yake yanatosha. Ukifunguka ukatoka mafuta yaliyoganda na fundo la nywele, na pengine jino, huo ni dermoidi, na kwa umri wako huo ni miongoni mwa inayopatikana sana. Ikiwa sivyo, anatafuta pale palipo pagumu, penye rangi ya kijivu au penye vichomozo kama koliflawa, kwa sababu ubaya ukiwepo hukaa huko. Anapitisha makali ya wembe juu ya pale, taratibu, kama unavyokwangua utando wa maziwa kwenye sufuria. Wembe unatoka na ute kidogo, tone la uji mwepesi. Anaupaka kwenye kioo kwa mkono mmoja, na kabla haujakauka anakitumbukiza kioo kwenye alkoholi, maana seli zikikauka hovyo zinavimba na kudanganya. Kioo cha pili anakiacha kikauke makusudi, kwa ajili ya rangi ya aina nyingine. Dakika chache za rangi, na anainama kwenye hadubini.

Seli za uvimbe wa amani zinalala bapa, zimepangana sawasawa kama masega ya nyuki, kila kiini kinafanana na jirani yake. Za kansa zimesongamana na kupandana juu kwa juu, viini ni vikubwa, vyeusi, kila kimoja na umbo lake. Nyingine zina sura ambayo ukishaiona huisahau. Kuna uvimbe ambao viini vyake vina mfuo katikati kama punje ya kahawa. Kuna mwingine unaowapata wasichana, ambao nyuma ya seli zake rangi huacha michirizi kama ngozi ya simbamarara. Huo wa pili ni kansa, lakini ni kansa inayosikia sana dawa, na wengi waliotibiwa kwa kuondolewa ovari moja tu wamezaa baadaye. Umeona kwa nini jibu la dakika 20 lina thamani? Mpasuaji asiyelijua angeweza kuona donge kubwa gumu kwa binti wa miaka 19 akadhani ni lazima aondoe kila kitu.

Kuhusu kuwa ni majaribio, mwambie wifi yako bila ugomvi kwamba mwaka 1927 madaktari wawili wa London, Dudgeon na Patrick, waliandika jinsi walivyopima uvimbe 200 kwa kukwangua na kupaka kwenye kioo, kwa haraka, namna hii hii. Kipimo hiki kinakaribia miaka 100. Kina ndugu yake mkubwa ambaye ni kugandisha kipande kwa baridi kali kwenye mashine maalumu, takriban nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha kukikata kikiwa barafu. Kule kugandisha kunaonyesha mengi zaidi, ila mashine ni ghali, inataka umeme usioyumba na fundi aliyezoea. Kioo kinataka wembe, alkoholi, rangi na jicho lililofundishwa. Hospitali yenye vyote viwili hutumia vyote viwili. Iliyo na kioo pekee haikufanyii majaribio, inatumia kilicho bora ndani ya uwezo wake.

Sasa mapungufu yake, na hapa nakuomba usome polepole kwa sababu fomu yako inategemea hapa.

Ukikwangua seli unazing'oa kutoka mahali zilipokuwa zimeshikamana. Unayaona matofali, ukuta huuoni. Na kuna uvimbe wa ovari wa katikati, madaktari tunauita wa mpakani, ambao seli zake zina sura ya ukorofi lakini hazijachimba kuingia ndani ya nyama. Tofauti yake na kansa kamili iko kwenye huo ukuta, kama umevunjwa au haujavunjwa. Kioo hakiwezi kukuonyesha hilo kwa uhakika. Hata kile kipande cha barafu mara nyingi hukosea hapo. Pia uvimbe mkubwa wenye ute unaweza kuwa na pembe moja safi na pembe nyingine mbaya, na wembe ukapita kwenye ile safi. Mtaalamu mwaminifu akifika hapo hupiga simu tiyeta na kusema, "Sina uhakika, nisubirini nta." Jibu hilo liheshimu. Wapo wapasuaji wanaolikasirikia, na mimi nikiwa kijana nililikasirikia, mpaka siku nta ilipokuja ikanionyesha kwamba ningeondoa kizazi cha mtu bure.

Pima mwenyewe uzito wa makosa mawili. Kioo kikisema amani na nta ikaja kusema kansa, utarudi kupasuliwa mara ya pili. Ni maumivu, ni gharama, ni wiki nyingine za kulala chali, lakini kosa hilo linarekebishika. Kioo kikisema kansa na nta ikasema siyo, na wewe umeshatolewa kizazi na ovari zote mbili, hakuna wa kukurudishia. Ndiyo maana kwa mwanamke wa umri wako, anayetaka mtoto, ambaye kizazi na ovari ya pili vinaonekana vizima kwa macho, penye shaka tunafanya kidogo leo. Unatolewa ovari yenye uvimbe na mrija wake, tumbo linasuuzwa kwa maji ya chumvi na maji hayo yanapelekwa kupimwa seli, kinachukuliwa kipande cha ule utando wa mafuta unaofunika utumbo, na unafungwa. Ovari moja iliyobaki inatosha kuleta hedhi, na inatosha kushika mimba.

Hii ndiyo iandikwe kwenye fomu badala ya ule mkia wa "hatua nyingine". Mwombe daktari aweke maneno kama haya, kwa mkono wake au wako: "Naridhia kuondolewa uvimbe pamoja na ovari na mrija wa kushoto, na kuchukuliwa sampuli za maji na nyama za tumboni. Kizazi na ovari ya kulia visiondolewe kwa jibu la haraka peke yake ikiwa kwa macho vinaonekana vizima. Tusubiri majibu kamili." Mpasuaji mzuri hatachukia, atafurahi kwa sababu umempunguzia mzigo wa kukuamulia ukiwa huna fahamu.

Umeuliza kama unaweza kuwaambia wasiguse kizazi hata wakikuta nini. Unaweza, mwili ni wako. Ila mimi sikushauri kuandika hivyo. Kuna hali moja ngumu, nayo si ya kawaida kwa miaka 29, ambapo wakifungua wanakuta ugonjwa umeshatapakaa tumboni na umekishika kizazi chenyewe. Hapo kuondoa kila kinachoonekana kunaweza kuwa ndiyo nafasi yako ya kuishi. Hilo liongee na daktari kabla, mkiwa mmekaa, umevaa nguo zako, si umelazwa kwenye machela. Muulize, "Mkikuta hivyo, mtafanya nini, na kwa nini?" Ukiridhika, andika kwamba umeridhia. Ukitaka wachukue kinyama tu wakufunge mzungumze kwanza, andika hivyo. Yote mawili yanawezekana, na ninawajua wanawake waliochagua hili na waliochagua lile. Usiende na ukurasa mtupu.

Hiyo sindano ya wifi naikataa. Anakutakia mema, najua, lakini uvimbe wenye maji na sehemu ngumu ndani ya ovari hautobolewi kwa kujaribu. Ikiwa ni kansa iliyofungiwa ndani ya ganda lake, iko hatua ya mwanzo kabisa, 1A, na wengi wa hatua hiyo hupona kwa upasuaji, pengine bila dawa nyingine. Ganda likitobolewa maji yakamwagika tumboni, inahesabiwa 1C, na huenda ukalazimika kupata dawa za kansa za mshipa ambazo usingezihitaji. Kwa hiyo geuza ombi hilo kichwa chini: muombe mpasuaji autoe mzima bila kuupasua, kadiri inavyowezekana.

Ile CA-125 ya 68 isikuue kwa wasiwasi. Kipimo hicho hupanda kwa mambo mengi, hedhi yenyewe, mayoma, endometriosisi (utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake), mimba changa, hata kifua kikuu cha tumbo, na hicho hapa kwetu kimewapeleka tiyeta wanawake wasio na kansa hata kidogo. Lakini nikufungulie hesabu ya kukadiria hatari ya kansa ya ovari, ambayo huenda daktari wako aliifanya kimyakimya. Vyumba vingi ni alama moja kwenye ultrasaundi, sehemu ngumu ni alama ya pili. Mwenye alama mbili au zaidi hupewa 3. Hujakoma hedhi, unapewa 1. Zidisha 3 kwa 1 kwa 68, unapata 204. Mpaka uliotumika tangu mwaka 1990 ni 200. Umeuvuka kwa kidole. Hiyo haisemi una kansa. Inasema usipasuliwe ovyo na yeyote mwenye kisu, upelekwe kwa anayezijua kazi hizi, na ndivyo walivyofanya walipokupa rufaa. Nyongeza moja: kwa umri wako ulizia kama umepimwa pia AFP, LDH na ile homoni ya mimba, beta hCG, kwenye damu. Ni vipimo vinavyosaidia kuutambua ule uvimbe wa wasichana niliokutajia, na vinatakiwa vichukuliwe kabla ya upasuaji.

Mumeo. Mwanangu, huyo mtu yuko mbali na anaogopa, na mwanaume anayeogopa mara nyingi hutoa amri. Usimjibu kwa ujumbe wa sauti. Muscat wametutangulia saa moja tu, kwa hiyo omba daktari akupe muda wa mwisho wa kliniki, piga simu ukiwa mbele yake, weka sauti ya juu, na mwache mumeo aulize anachotaka. Niliwahi kumsikia mume akipiga kelele dakika tano nzima kwenye simu kama hiyo, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hamtoi kizazi?" Alipoambiwa hapana, akalia. Lakini ujue na hili: una miaka 29 na akili zako timamu, ridhaa ni yako. Sahihi yake haihitajiki. Nataka awe nawe, sitaki akucheleweshe miezi mitano huku uvimbe wa sentimita 11 ukiweza kujisokota usiku mmoja na kukupeleka tiyeta kwa dharura, saa ambayo hakuna mtu wa kusoma kioo.

Hilo linanikumbusha swali ambalo wagonjwa karibu wote husahau. Uliza kama siku yako mtaalamu wa patholojia atakuwepo kazini, na kama ameambiwa. Upasuaji wa namna hii upangwe asubuhi. Ukisogezwa hadi jioni na maabara wameshaondoka, una haki ya kuomba upangiwe siku nyingine ya wiki hiyo hiyo. Uliza pia nani atapeleka uvimbe kwenye fomalini baada ya kioo, na majibu ya nta yatachukuliwa wapi, kwa namba gani. Nimeona sampuli ikikaa kwenye ndoo siku tatu kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameipeleka.

Na mama mkwe wako. Anayeleta uji kila jioni na kukaa bila kusema hajakuhukumu. Mwombe yeye akusindikize. Mpe karatasi yenye namba ya maabara aitunze kwenye mkoba wake, na mwambie kwamba daktari atakapotoka tiyeta yeye ndiye wa kuambiwa. Ukizinduka kwenye nusukaputi utakuwa mzito wa ulimi na utasahau utakachoambiwa, kwa hiyo mfundishe maswali mawili ya kukuulizia: kioo kilisema nini, na uvimbe umeshafika kwenye fomalini?

Niandikie nta ikitoka.